Kuifukuza Treni Kilosa, Kuitafuta Reli Mikumi

Wako watu ambao wakisikia honi ya garimoshi huacha walilo nalo mkononi wakatoka nje kutazama. Hawana mgeni wa kumpokea wala mzigo wa kuuchukua. Wataka tu kuiona ikipita, wahesabu mabehewa yake, wasome namba ya kichwa chake, na siku hizi waipige picha. Katika nchi ya Uingereza watu wa namna hii wana vyama na majarida yao tangu zamani. Wengine huifuata treni moja kwa gari, kutoka daraja hata daraja, ili waipate mara tatu au nne katika siku moja. Wengi wao walifika Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya injini za moshi, na picha walizopiga zimebaki kuwa ushahidi wa mambo ambayo sisi wenyewe hatukuyaandika. Aliyepata kuingia Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, akasimama mbele ya injini namba 5918, ambayo ilipewa jina la Mlima Gelai ulioko Tanzania, ajua kwamba hata chuma kikubwa namna ile chaweza kusahauliwa kikikosa mtu wa kukikumbuka.

Huku kwetu jambo hili laonekana na wengi kuwa ni kupoteza wakati. Mzazi amwonaye kijana wake amesimama karibu na reli na kamera mkononi humwuliza, "Wapata nini hapo?" Swali hilo si baya, na yafaa lijibiwe kwa utulivu. Basi, wapenzi wasomaji, katika kurasa hizi twapenda kuwapeleka Kilosa na Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro, ambako tulikwenda watu watano mwezi wa Agosti mwaka 2025, ili muone wenyewe kilichomo katika kuifukuza treni.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini tulichagua nchi hiyo. Mtu akiingia Kilosa, akapita Mikumi na kuteremka mpaka Kidatu, kwa muda wa siku mbili aweza kuziona reli tatu za upana wa namna tatu. Sijui mahali pengine pengi ambapo kijana aweza kujifunza historia ya nchi yake kwa kupima tu nafasi iliyo kati ya vyuma viwili.

Reli ya kwanza ni Reli ya Kati, yenye upana wa mita moja. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikaingia Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka Kilosa kwenda Dodoma reli hii hufuata bonde la Mto Mkondoa, kwa kuwa bonde liliwapa wajenzi mwinuko wa taratibu ambao injini ya moshi iliweza kuupanda. Mwaka 1960 tawi lilitolewa Kilosa likafika Mikumi, na mwaka 1965 likasogezwa mpaka Kidatu, palipo na mashamba ya miwa ya Bonde la Kilombero.

Reli ya pili ni ile ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hata 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Upana wake ni milimita 1,067, nayo hupita Kidatu. Ya tatu ni reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Hii nayo hupita Kilosa, lakini katika milima ya huko haikutegemea bonde peke yake. Imepenya milima kwa mahandaki manne, na lililo refu kuliko yote lina urefu wa kama kilomita moja.

Sasa tuwataje wasafiri. Alikuwako mwalimu wa shule ya sekondari wa mjini Morogoro, ambaye gari lilikuwa lake na usukani ulikuwa wake. Walikuwako vijana wawili, wanafunzi wake, kila mmoja na kamera yake. Nilikuwako mimi. Na wa tano alikuwa babu wa mmoja wa vijana wale, mzee wa miaka 77, ambaye mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 20, aliajiriwa kuwa mfanyakazi wa njia katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akapangwa katika genge lililotunza kipande cha tawi la Mikumi. Jicho lake la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kufifia.

Mjukuu wake alikuwa na haja moja ambayo hakutueleza mpaka tulipokuwa njiani. Katika nyumba yao yote hamna picha hata moja ya babu yake akiwa kazini. Iko picha moja tu ya ujana wake, aliyopigwa studio mjini, amevaa koti la kuazima, na nyuma yake pazia lililochorwa maua. "Wakati ule," alisema mzee, "picha ilikuwa ya mtu aliyevaa nguo nzuri. Nani angepoteza filamu kwa mtu mwenye sururu?" Kijana alitaka amsimamishe babu yake mahali pale alipofanya kazi, ampige picha, wakati babu angali aweza kupatambua.

Tulitoka Morogoro baada ya sala ya alfajiri, tukashika barabara ya Dodoma mpaka Dumila, na hapo tukageuka kushoto kuelekea Kilosa. Njia hiyo hupita Msowero, jina ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania hulisoma darasani. Ni hapo ambapo mwaka 1884 Carl Peters alimfikia Mangungo, mtawala wa Msovero, akamtilisha alama yake katika karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, na kwa karatasi za namna hiyo Wajerumani wakadai kuwa nchi ya Usagara imekuwa yao. Mwalimu alipunguza mwendo akawakumbusha wanafunzi wake habari hiyo, kisha akasema, "Watu wa hapa walichukuliwa kitu chao bila kuelezwa kinachochukuliwa. Basi leo mtu yeyote mtakayempiga picha, mwulizeni kwanza, na mwambieni mtaifanyia nini." Neno hilo likawa sheria ya safari yetu.

Saa mbili za asubuhi tulikuwa tumefika Kilosa. Mji umekaa chini ya milima, na mashamba ya mkonge na mahindi yameuzunguka upande wa mashariki. Treni tuliyoitaka kwanza ni ile ya umeme ambayo watu wameipa jina la mchongoko, kwa sababu ya pua yake iliyochongoka mbele na nyuma. Ilianza kubeba abiria mwezi Novemba 2024, nayo ina mabehewa 8.

Vijana walidhani watafukuza treni hii kwa gari. Mwalimu akawapa hesabu. Reli hii imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa kasi hiyo treni hukata mita 44 kwa kila sekunde moja. Hakuna gari katika barabara za Kilosa litakaloipita treni hiyo ikishakutangulia. Kwa hiyo mfukuzaji hushinda kwa kutangulia na kungoja, kama mvuvi anayejua samaki watapita wapi.

Pia kuna jambo la jua. Treni inayokwenda Dodoma asubuhi huelekea magharibi, na jua liko nyuma yake, hivyo pua yake huwa kivulini. Treni inayotoka Dodoma kuja Dar es Salaam hulielekea jua, na uso wake hung'aa. Tukaamua kuingoja hii ya pili. Tulipanda kilima kidogo nje ya mji, mbali na uzio wa reli, mahali ambapo njia huonekana ikitokeza kutoka milimani. Pale palikuwa na shamba la mbaazi, na mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa akichuma pamoja na wanawe wawili.

Mwalimu alimsalimu, akamweleza haja yetu. Mama akacheka, akasema, "Karibuni, baba. Ila msinikanyagie mbaazi zangu." Akatuonyesha mahali pa kusimama. Tulipomwuliza kama amepata kuipanda treni hiyo alijibu kuwa bado, lakini mwanawe mkubwa aliipanda mwaka jana kwenda Dodoma, akarudi siku ile ile. "Zamani," alisema, "mtu akienda Dodoma kwa reli, tulimfungia chakula."

Kabla hatujamaliza mazungumzo, nyaya za umeme zilitoa mvumo mwembamba, na treni ikatokea. Sina maneno mengi ya kuieleza, kwa kuwa haikutupa muda wa kuitazama. Siku ile haikusimama Kilosa. Ilikuja, ikawaka juani kama kisu kilichonolewa, ikapita, na nyasi zikainama na kuinuka. Kijana wa kwanza alipata nguzo ya umeme imekaa katikati ya pua ya treni. Mwalimu alipata mabehewa mawili ya mwisho. Mjukuu wa mzee, ambaye tangu mwanzo alichagua mahali pamoja kati ya nguzo mbili na hakuinua macho yake, alipata picha safi, treni nzima ikiwa katika mpindo na milima nyuma yake.

Mzee aligeuza uso wake huku na huku, kisha akauliza, "Imekwisha kupita?"

"Imepita, babu."

"Sikuisikia," akasema. "Injini ya moshi ilikuwa ikitangulizwa na sauti yake. Tukiwa kazini tuliisikia ikipumua mlimani, tukakusanya vifaa vyetu na kukaa kando, na bado tukapata nafasi ya kuvuta sigara. Hii haisemi neno." Hakusema hayo kwa kulaumu. Baadaye aliomba aelezwe tena ilivyofanana, na mjukuu wake akamweleza pua, rangi na madirisha, kimoja kimoja.

Mama wa shamba alipoona picha katika kioo cha kamera alifurahi, lakini alikuwa na ombi lake. Alitaka yeye na wanawe wapigwe picha, na picha ichapwe, isibaki ndani ya kamera. Tukampiga, tukaandika jina la kitongoji chake, nasi tulimtumia picha hiyo kwa mkono wa dereva wa basi kabla ya mwezi kwisha. Deni la namna hii, wapenzi vijana, ni dogo kwa mwenye kulilipa na kubwa kwa mwenye kulidai.

Kutoka hapo tuliteremka mpaka stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Mwalimu aliingia ofisini kuomba ruhusa, nasi tukaruhusiwa kupiga picha jukwaani, tusiukaribie ukingo wala kuingia njiani. Yafaa kila mpenzi wa reli ajue kwamba reli, madaraja na mahandaki ni mali inayolindwa, na kuingia humo bila idhini ni kosa, na tena ni hatari. Hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu.

Pale stesheni tulipata tulichokikosa kilimani. Treni ya abiria kutoka bara ilikuwa yaingia, ikivutwa na kichwa cha dizeli, mabehewa yamejaa vumbi la mwendo mrefu, na vichwa vya watu vimetokeza katika kila dirisha. Wanawake na watoto walikwisha kujipanga na beseni zao: ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha, mayai, maji ya chupa, kuku wa kukaanga. Kwa muda wa dakika chache jukwaa lote likawa soko. Fedha zilishuka, vyakula vikapanda, chenji ikarushwa dirishani wakati treni imekwisha kuanza kusogea, na mtu mmoja akakimbia nayo hatua kumi ili amrudishie abiria haki yake.

Hapo ndipo nilipotambua kinachobishaniwa kimya kimya katika mji kama Kilosa. Treni mpya ina madirisha yaliyofungwa na hewa iliyopozwa. Humfikisha msafiri haraka, humwokoa na mateso ya barabara, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali kubwa ataishukuru. Lakini mwenye beseni hawezi kuuza kitu kwenye dirisha lisilofunguka. Treni ya zamani humchosha abiria, nayo humlisha mtu wa kando ya reli. Mimi sisemi kwamba nchi irudi nyuma. Nasema kwamba anayeisifu mpya na amwulize pia yule mama jukwaani, sasa atauza wapi?

Treni ile ya bara ndiyo tuliyoifukuza kweli. Mara ilipoanza kuondoka tuliingia garini tukaelekea Kimamba, stesheni iliyo upande wa mashariki katika nchi ya mkonge. Barabara na reli huachana na kukutana. Tuliiona kwa mbali ikipita nyuma ya mkonge, moshi wa dizeli umelala juu yake, na vijana wakapiga kelele za furaha kana kwamba ni mpira wa miguu. Tulipofika Kimamba tulikuwa tumeitangulia kwa dakika kama kumi, tukapata nafasi ya kuomba, kusimama mahali pa salama na kungoja. Mara hii hata mzee aliipata, kwa kuwa aliisikia mapema, akanyosha mkono kuelekea ilikokuwa ikitoka kabla yeyote kati yetu hajaiona. Abiria walitupungia. Mjukuu alipiga picha nyingi, lakini iliyo bora kuliko zote ni ya babu yake amenyosha mkono, na treni ikiwa nukta ndogo mwishoni mwa vyuma.

Tulirudi Kilosa tukala chakula cha mchana. Mwenyeji mmoja alituonyesha Mkondoa, mto ambao wakati wa kiangazi waweza kuudharau. Lakini mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huu uliingia mjini, ukawaacha maelfu ya watu bila makao, na ukaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe hata safari za abiria zikasimama kwa miezi. Bonde lililowapendeza wajenzi wa zamani kwa wepesi wake ndilo lililowadai watunza njia miaka yote iliyofuata. Mzee alitikisa kichwa. "Reli ya bondeni," alisema, "haijengwi mara moja. Hujengwa kila masika."

Kisha tukashika njia ya Mikumi, safari ya kama kilomita 80. Katika njia hiyo kuna kijiji kiitwacho Ulaya, na kwa kweli vijana wawili wale hawakuiacha nafasi hiyo. Walipiga picha kwenye kibao, wakasema watarudi nyumbani na kutangaza kuwa wamefika Ulaya bila pasi wala ndege. Tawi la reli hupita katika nchi hiyo. Siku ile hatukukutana na treni hata moja. Mahali pengine nyasi zilikuwa zimesimama katikati ya mataruma, na chuma kimeshika kutu kama kisu kilichosahaulika jikoni.

Mzee alikuwa amekaa mbele, kimya. Kila tulipoikaribia reli alimwomba mwalimu asimame, akateremka, akasikiliza, akaitazama milima kwa jicho lake moja, akarudi. Mara ya nne hakurudi. Alisimama chini ya mwembe mkubwa akauliza kama kuna misingi ya nyumba upande wa pili wa mti. Vijana wakaenda kutazama, wakakuta mawe yamejipanga katika majani, nyumba mbili au tatu zilizokwisha kubomoka. "Ndipo," akasema. "Hapa ndipo palipokuwa kambi ya genge letu. Mwembe huu tuliukuta mdogo."

Alitueleza kazi yao. Kila asubuhi walitoka na nyundo, sururu, na vyuma vya kunyanyulia, wakatembea juu ya kipande chao wakikagua kila taruma na kila msumari. Kokoto ikizama waliijaza. Chuma kikipinda kwa jua walikinyosha kwa nguvu za mikono, watu wanane wakivuta pamoja kwa wimbo wa mnyapara. Mkubwa wa njia alikuja kwa kiberenge, akaipima kazi yao kwa kipimo cha chuma, na ikiwa upana umezidi kidogo tu walirudia tena. "Abiria alikuwa akilala," alisema. "Hakujua kama sisi tuko. Na ndiyo ilikuwa alama kwamba kazi yetu ni nzuri."

Mjukuu wake alimwomba asimame. Hakumweka juu ya njia, kwa kuwa mzee mwenyewe alikataa: "Njia ni njia, hata kama nyasi zimeota. Mtu wa reli hasimami njiani kwa kujipamba." Akasimama pembeni, fimbo mkononi, na nyuma yake reli ikaenda zake porini. Picha ikapigwa. Kisha mzee akasema, "Sasa andika." Akataja majina ya wenzake wa genge, moja moja, na kabila na kijiji cha kila mmoja, na mjukuu akaandika katika daftari. Majina yalikuwa manane pamoja na lake. Sita kati ya hayo ni ya marehemu, na mmoja hajui aliko. Alipomaliza tuliwaombea, tukarudi garini, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Tulifika Mikumi alasiri. Mji huu umechukua jina lake kwa miti ya mikumi, jamii ya mivumo, yenye shina refu lililonenepa katikati. Hifadhi ya taifa iliyo karibu nao ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa hukata ndani yake kwa kama kilomita 50, na dereva hana budi kupunguza mwendo asije akamgonga mnyama, kwani kila mnyama ana faini yake. Tuliswali, tukapata wali na maharage, tukalala.

Siku ya pili tuliteremka kusini kupitia Kidodi na Ruaha mpaka Kidatu. Hapa Mto Ruaha Mkuu umefungwa kwa bwawa la umeme, mashamba ya miwa yametanda, na Milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Hapa pia ndipo reli ya mita moja itokayo Kilosa hukutana na ya TAZARA. Hukutana, lakini hazichanganyiki. Moja ina upana wa milimita 1,000, nyingine 1,067. Tofauti yake ni milimita 67, na upana wa vidole vinne vya mkono wangu hauko mbali na hapo. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo behewa kutoka Kigoma haliwezi kuendelea mpaka Zambia. Ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo, kilichofunguliwa mwaka 1998, ili kontena linyanyuliwe kutoka reli moja na kuwekwa juu ya nyingine.

Vijana walikaa wakaitazama tofauti hiyo kwa muda. Mmoja akauliza kwa nini wajenzi hawakupatana. Mwalimu akajibu kwamba kila mmoja alijenga akiitazama upande aliokuwa akielekea: Wajerumani walilitazama ziwa, na TAZARA ilitazama kusini, ambako reli zote zilikuwa za upana ule wa pili. Hakuna aliyekosa hesabu. Walikosa kuonana, kwani walitengana kwa miaka sitini na zaidi.

Katika reli hii ya TAZARA ndimo imepita treni ya anasa ya kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, ambayo ilianza safari za Dar es Salaam mwaka 1993. Wapenzi wa reli hawatausahau mwezi wa Julai 2019, ilipotoka Dar es Salaam, ikapita Zambia na Kongo, na kufika Lobito, Angola, kwenye Bahari ya Atlantiki, kutoka bahari moja hata nyingine juu ya chuma. Abiria wa treni ya namna hiyo hukaa madirishani na kamera zao, wakawapiga picha watoto waliosimama kando ya njia, na kando ya njia wako vijana wenye simu wakiwapiga wao. Kila upande huenda na picha ya mtu asiyemjua jina. Nilimkumbuka mzee na daftari la majina manane, nikaona ni picha zipi zitakazodumu.

Basi sasa twaweza kumjibu mzazi yule aliyeuliza, "Wapata nini hapo?" Kijana anayeifukuza treni kwa adabu hupata kuijua nchi yake kwa miguu na macho yake. Atajua kwa nini mto huchukua reli, kwa nini mji husimama pale ulipo, na kwa nini vidole vinne huweza kuzuia biashara ya nchi mbili. Hujifunza kuamka mapema, kungoja bila kunung'unika, na kuomba kabla ya kuchukua.

Kwa vijana wenyewe tuna nasaha chache. Msiende peke yenu. Nendeni na mtu mzima. Msiingie njiani wala msivuke uzio. Ombeni ruhusa ya mwenye stesheni, mwenye shamba na mwenye sura. Nyuma ya kila picha andikeni mahali, siku, na majina ya waliomo, kwa sababu baada ya miaka arobaini hata aliyeipiga atakuwa amesahau. Na kabla ya kwenda kuitafuta treni ya mbali, tazameni nyumbani. Huenda babu yako, au jirani yako, alipiga msumari katika taruma ambalo treni ilipita usiku na abiria wamelala. Mwulize alifanya kazi wapi, kisha mpeleke, wakati macho yake yangali yaona njia.